Ng'ombe wa Dodoma

Mimi sikuvunja ule uchumba. Nilivunjiwa. Naandika sentensi hizi mbili fupi kwa sababu nimetumia karibu miaka thelathini kusema kinyume chake, tena kwa ufasaha. Nimesema kwenye makongamano ya wanawake, nimesema darasani, nimesema kwenye kipindi kimoja cha redio ambako mtangazaji alinitambulisha kama "mwanamke aliyekataa kubadilishwa na ng'ombe". Wanafunzi wangu wa kike wameniandikia kadi za kunishukuru kwa ujasiri huo, na kadi hizo nimezitunza. Ukweli ni kwamba nilitaka sana kubadilishwa na ng'ombe. Niliwangoja ng'ombe wale kuliko nilivyomngoja bwana harusi mwenyewe. Na pengine ningeendelea na uongo wangu mpaka usomwe kwenye wasifu wangu wa marehemu, kama kaka yangu Shija asingefariki mwaka jana, na kama Deusi asingekuja msibani.

Alikuja siku ya tatu ya matanga, pale kwetu Masumbwe, mzee mnene mwenye mkongojo na kofia ya pama, akishikwa mkono na mjukuu. Sikumtambua. Aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, akala pilau yake yote, akanawa, kisha akamwambia binti wa mdogo wangu aliyekuwa akikusanya sahani, kwa sauti kubwa ya mtu ambaye masikio yameanza kumtoroka: "Huyu shangazi yako angekuwa mke wangu. Niliogopa ugonjwa wa marehemu. Nikampigia simu, nikamwacha." Binti yule amesoma makala zangu zote. Alisimama na sahani zake mkononi akinitazama kama mtu aliyegundua kwamba noti aliyoiweka akiba ni bandia. Nikamwambia, "Mzee, ongeza chai." Hiyo ndiyo hotuba niliyokuwa nayo. Jioni, baada ya wageni kuondoka, binti akaniuliza, "Kwa hiyo shangazi, ilikuwaje?" Nikamwambia nitaandika. Kuandika ni rahisi kuliko kujibu. Msomi yeyote atakuthibitishia.

Mwaka wenyewe ni ule uliotangulia mvua za El Niño, na kwetu ulikuwa mwaka wa ukame. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam wakati serikali imesimamisha ajira, nikarudi nyumbani na shahada yangu ndani ya bahasha ya kaki. Mama aliitia kwenye sanduku la bati pamoja na kanga zake mpya ili panya wasiifikie, na huko ilikaa mwaka mzima ikinuka dawa ya nondo kwa heshima zote. Nilipewa chumba cha uani, nusu changu, nusu cha magunia ya michembe, na michembe ile, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, ilikijaza chumba harufu ya jua la mwaka uliopita. Ng'ambo ya ua kulikuwa na chumba cha Shija. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wangu. Dhahabu aliyoichimba ndiyo iliyoninunulia godoro la bweni na viatu vyangu vya kwanza vyenye kisigino. Alikuwa ameletwa nyumbani muda mfupi kabla yangu juu ya lori la pumba, na wachimbaji wenzake wawili, mikono yake ikiwa imefungwa kwa shati lake mwenyewe. "Kichwa kimeingia maji, mzee," walimwambia Baba, kama watu wanaozungumzia duara, yaani shimo lao la kuchimbia. Wakanywa maji, wakaomba radhi, wakarudi walikotoka.

Shija alikuwa akisikia watu wa chini. Ndivyo alivyowaita. Walimsemesha kutoka ardhini, wengine kwa Kisukuma, wengine kwa lugha asizozijua lakini akizielewa, na waligombana sana. Nyumbani tulipomwona ameinamisha sikio sakafuni, Mama aliweka kijiko chini akaacha kula. Lakini kule machimboni, upande wa Kharumwa, wazimu wake ulikuwa na kazi. Tulikuja kulijua hilo taratibu, kwa vipande, kutoka kwa wapita njia. Wenye maduara walikuwa wamegundua kwamba mtu huyu akinywa gongo vya kutosha na kuvuta bangi juu yake, huinama, husikiliza, kisha huonyesha kidole. Na mara mbili au tatu kidole kile kilikuwa kimeangukia mwamba wenye mali. Basi wakamlisha, wakamnywesha, wakamvutisha, ili awasikilizie. Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu unyanyapaa wa wagonjwa wa akili. Sijasoma popote kuhusu mahali ambapo mgonjwa huheshimiwa mradi asipone.

Tulimpeleka hospitali ya wilaya, mimi, Baba na Mama, mimi nikiwa mkalimani kwa sababu Kiswahili cha Baba kilikuwa cha mnadani tu. Chumba cha wagonjwa wa akili kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya vitanda vibovu. Aliyekisimamia alikuwa Nesi Kalunde, mwanamke mpana, mchangamfu, aliyevaa kandambili za kiume, na ambaye nadhani alikuwa ameamua zamani kwamba kati ya kulia na kucheka, kucheka hakuchoshi macho.

"Anavuta bangi?" aliuliza.

"Havuti," alisema Baba.

"Navuta," alisema Shija.

"Gongo?"

"Hata kidogo," alisema Baba.

"Kidogo, hapana," Shija akasema. "Nyingi."

Nesi Kalunde aliweka kalamu mezani akacheka mpaka benchi likatikisika. "Mzee, mwanao ni mgonjwa mkweli. Wenye akili timamu ndio wanaonidanganya hapa." Kisha akatueleza, na mimi nikamtafsiria Baba, kwamba siku hizi wagonjwa wote wanachangia gharama, lakini wa akili hawachangii. Dawa zao ni bure.

"Wabeja," alisema Baba, akikunja mikono kifuani kwa shukrani.

"Ila mara nyingi hazipo," alisema Nesi Kalunde. "Zikiwepo, ni bure. Zisipokuwepo, nazo ni bure vilevile."

Siku ile zilikuwepo. Shija alilazwa, akachomwa sindano, na watu wa chini wakaanza kunong'ona badala ya kupiga kelele. Mama alibaki naye, kwa sababu hospitali ilitoa kitanda, na chakula kilitoka kwa ndugu. Alipika kwenye banda la wasindikizaji nyuma ya wodi, kati ya wanawake wengine wenye mafiga yao, na nilipokwenda kumwona nilimkuta akichambua dagaa na kuzungumza na mama mmoja aliyekuwa na mume wodi ile ile. "Wangu huu ni mwaka wa nne," mama yule alikuwa akisema, kama mtu anayezungumzia kidato. "Akipata nafuu anarudi kulewa. Akilewa anarudi hapa. Sasa nimepanda mchicha pale nyuma ya choo, maana nimeona ni kwangu." Mama alicheka naye.

Bure ile ilimla Baba ng'ombe. Nauli ya lori, kuni, unga, bomba la sindano ambalo lilipaswa kununuliwa duka la dawa, shati la Shija lililoibwa kwenye kamba, na Mama kutokuwepo shambani msimu ule mfupi wa kupalilia. Tena ulikuwa mwaka wa ukame. Ng'ombe wamekonda, kila mtu anauza, na wachuuzi waliwapima kwa macho kama wanaonunua ngozi yenye mifupa ya nyongeza. Siku hizi huja vijana wataalamu wakiuliza kaya imetumia kiasi gani kwa matibabu katika miezi iliyopita. Baba angeulizwa angejibu kwa rangi. Yule jike mweupe mwenye madoa ndiye wodi. Yule mwekundu aliyevunjika pembe ndiye nauli. Dume jeusi ndilo mfumu, mganga wa kienyeji aliyekuja kutuliza mababu, akakaa kwetu wiki nzima akila kuku na kulalamikia chumvi. Niliwahi kumwambia Baba, kwa sauti ya mtu mwenye shahada, kwamba mfumu ni hasara. Akaniuliza, "Na hospitali ni faida?" Nikaenda kusoma kitabu.

Tatizo halikuwa kwamba hatukuwa na pa kwenda. Tulikuwa na pengi mno. Mfumu alitaka sindano iachwe kwanza, kwa sababu chuma huwafukuza mababu. Watu wa maombi, waliokuja Jumapili na ngoma zao, walitaka mfumu aachwe kwanza, na vidonge vitupwe chooni kama ushahidi wa imani. Nesi Kalunde alitaka bangi na gongo viachwe kwanza, akasema kwa upole kwamba hana wodi ya ulevi na hajui aliyenayo. Kila mlango ulitaka tufunge kwanza milango mingine. Na Shija aliingia kote, mpole, akipiga magoti palipotakiwa magoti na kukunja mkono wa shati palipotakiwa mkono. "Msomi," aliniambia siku moja, jina alilonipa tangu darasa la kwanza, "mimi nimekuwa kama shule ya msingi. Kila anayepita ananikagua, na hakuna anayeleta chaki."

Sindano ilikuwa ya kila mwezi, na ilifanya kazi. Lazima niseme hivyo. Lakini ilimfanya awe mti. Alitembea bila kurusha mikono, shingo imekaza, vidole vikitetemeka, na mate yalimshuka kwenye kona ya mdomo bila yeye kuyasikia. Kulikuwa na kidonge kidogo cheupe cha kuondoa hali hiyo. Kidonge hicho kilikuwa bure kwa namna ile ya pili. "Kichwa kimenyamaza," alisema, akizungumza polepole kwa ulimi mzito, "lakini kimehama na mwenye nyumba." Tulikula chakula cha jioni wakati jua bado lipo, ugali wa mtama na mlenda, ili aone tonge lake lisidondoke. Mama alimwekea kitambaa begani kama cha mtoto anayecheua. Shija alikitoa kila mara, akakikunja vizuri, akamrudishia.

Katikati ya hayo ndipo Deusi aliposema anataka kunioa. Tulikuwa tumesoma wote chuo kikuu. Yeye alikuwa amepata kazi ya ukarani bandari kavu ya Isaka, akisimamia makontena ya kwenda nchi jirani za upande wa magharibi, na ofisi yao ilikuwa na simu. Masumbwe simu ilikuwa dukani kwa Mama Zarina, aliyeuza misumari, karai, koleo, taa na kila kitu ambacho mchimbaji hununua kabla ya kukata tamaa. Ilikuwa simu ya kuzungusha mkono, ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na dhahabu zake. Kila Jumamosi asubuhi nilikwenda kumngoja Deusi pale, nimekaa juu ya gunia la misumari, nikinywa chai ya maziwa yenye iliki aliyonipa Mama Zarina. Nyuma ya duka redio ilipigwa kwa sauti ya juu, nyimbo za Kihindi, mchana kutwa. Ilinichukua muda kujua sababu. Siku moja umeme wa jenereta ulikatika, redio ikazimika, na nyuma ya ukuta nikasikia mwanamume akihesabu kwa Kigujarati kwa haraka mno, kama anayekimbizwa.

"Shemeji yangu," alisema Mama Zarina bila kuinua macho kutoka kwenye mizani. "Daktari wa Mwanza, daktari wa Nairobi, mwezi kwa mwezi. Dawa za nje. Sisi tunamfungia ndani, nyie mnamfunga kwenye nguzo. Tofauti ni matofali tu, binti."

"Sisi hatumfungi, mama."

"Bado," alisema, akanimiminia chai.

Nilimwambia Deusi kila kitu isipokuwa Shija. Yeye alijua nina kaka anayechimba dhahabu. Sikuona haja ya kuongeza. Na nyumbani uchumba ule ulipokelewa kama mvua. Kwetu mahari ya binti hujenga nyumba ya kaka; ng'ombe wakiingia kwa mlango wa dada hutoka kwa mlango wa kaka akaoe. Baba alibadilisha kidogo tu. Shija hakuwa mtu wa kuoa mwaka ule, basi ng'ombe wanne wangeuzwa mvua zikinyesha na bei ikipanda, ili apelekwe Dodoma, kwenye hospitali kubwa ya akili, akae huko miezi hata mwaka, mbali na bangi, mbali na gongo, mbali na watu wenye maduara. Deusi, akishakuwa mkwe, angetukatia tiketi za treni pale pale Isaka. Baba aliwapa jina kabla hawajazaliwa kwetu: ng'ombe wa Dodoma. Kila walipotajwa Mama aligeuza uso, akatabasamu peke yake. Mimi niliyekuwa nimeandika insha chuoni kupinga mahari, yenye alama nzuri kabisa, nililala nikiwaza kama wanne watatosha.

Lakini washenga wa kwetu huuliza. Kabla ya kutaja idadi, wazee wa upande wa mume hula, hunywa, kisha huuliza juu ya magonjwa ya nyumba: kifafa, ukoma, wazimu. Huulizwa ana kwa ana na mwenye nyumba hujibu mbele ya chakula. Na siku waliyosema watakuja ilikuwa wiki ya pili baada ya sindano. Mama ndiye aliyelisema. "Atawapokea wageni mate yakimtoka? Atawanawisha kwa mikono ile?" Tukakaa, sote wanne, Shija akiwemo, tukakubaliana kwamba mwezi ule sindano ipite. Arudi kuwa mtu kwa siku moja. Mimi nilitoa maelezo ya kitaalamu, kwamba dawa hukaa mwilini muda mrefu, kwamba mwezi mmoja si kitu. Nilikuwa na shahada ya historia. Shija alinisikiliza, akasema, "Msomi amepitisha," na ikawa imepita.

Na siku hiyo alikuwa mzuri, jamani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe la Baba, na mikono ilitulia kama maji mtungini. Alizunguka na birika na beseni akiwanawisha wageni mmoja mmoja, Mama akichungulia kwenye upenyo wa mlango wa jikoni akitazama ule mkondo wa maji, haukuyumba hata kwa mzee wa mwisho. Wali ulikuwa wa Shinyanga, mrefu na mweupe, kuku wawili, maziwa mgando kwenye kibuyu. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Deusi, mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa akiuza mpaka machimboni, mzee mcheshi mwenye koti la suti juu ya msuli. Alipomaliza kula alijifuta midomo akauliza, kama inavyopasa: "Basi wenyeji, humu mnalala salama? Kifafa hakimo? Ukoma? Wazimu?"

Baba alikuwa ameliandaa jibu kwa siku nyingi. Alifungua mdomo, jibu likakataa kutoka.

"Wazimu umo," alisema Shija, bado ameshika birika.

Mjomba akageuka.

"Ni huyu huyu mnayemtaka. Amesoma mpaka anaongea na vitabu, na vinamjibu. Msije mkasema hatukuwaambia."

Mjomba alicheka mpaka akavua kofia kujipepea. Wote walicheka, Baba alicheka kwa kuchelewa, machozi yakimtoka. Baada ya hapo idadi ilipatikana kwa urahisi, ng'ombe kumi na watano, watakuja mvua zikishaotesha majani ili wasife njiani. Walipoondoka Mama alimkumbatia Shija, jambo ambalo wanawake wa kwetu hawawafanyii watoto wao wakubwa, na Shija alisimama ndani ya mikono yake akitazama chini, sakafuni. Niliona. Nikajiambia anatazama viatu vyake.

Mwezi uliofuata tulimpeleka hospitali kama tulivyoahidiana, na dawa haikuwepo. Nesi Kalunde alitufungulia kabati ili tujionee wenyewe. "Rudini wiki ijayo," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Tulirudi wiki iliyofuata, kwa nauli ya mbuzi wawili. Haikuwepo. Duka la dawa mjini walikuwa na chupa moja iliyopita muda wake, na Baba aliishika mkononi muda mrefu kabla ya kuirudisha. Siku chache baadaye Shija aliamka mapema, akafagia ua, akaoga, akavaa lile shati jeupe. Alinikuta jikoni nikipuliza moto.

"Naenda Kharumwa, Msomi."

"Kufanya nini, kaka? Si tumesema tungoje?"

"Kukutafutia kitenge cha harusi. Haiwezekani uende kwa mume kwa ng'ombe wa watu tu, kama yatima." Alikuwa mchangamfu, macho yanang'aa, mikono inakwenda huku na huko vizuri. Ndiyo maana sikupiga kelele. Alionekana amepona. Kila mara alipoonekana amepona alikuwa na nguvu za kurudi pale palipokuwa pakimuua. Na alipokuwa hana nguvu hizo hatukupenda kumtazama. Nimejaribu miaka yote hii kutafuta njia ya tatu kati ya hizo mbili, na nimelipwa posho za semina nyingi nikiitafuta.

Mvua za kwanza zilikuja zikiwa zimechelewa, kisha hazikukoma. Majani yakaota. Jumamosi moja nilimwambia Baba kwamba leo Deusi atataja siku ya ng'ombe, na Baba akasema atanisindikiza. Alibeba fungu la katani. Nilipoketi juu ya gunia langu la misumari, yeye aliketi nje kwenye kibaraza cha duka, akaanza kusokota kamba, akizungushia uzi kwenye kidole gumba cha mguu. Kamba nne. Walinzi wa mnadani waliopita walimtania, "Mzee, kamba mpya, ng'ombe wako wapi?" Akawajibu kwa Kisukuma kwamba wako njiani, wanakula. Redio ya nyuma ilikuwa ikiimba. Simu ikalia, Mama Zarina akafungua kufuli, akanipa mkono wa simu ukiwa bado na joto la sanduku.

"Minza," alisema Deusi. "Hujambo?"

"Sijambo. Baba yuko nje, anasokota kamba."

Kwenye waya kulikuwa na sauti kama mchele unaomwagwa.

"Mjomba alikwenda Kharumwa na mchele wake," alisema. "Amemkuta Shija."

Mama Zarina alikuwa akipima misumari, akaacha kupima.

"Alikuwa ameketi mdomoni mwa duara, Minza, hana shati. Wanaume wamemzunguka kimya wanangoja awaambie wachimbe wapi. Mjomba anasema walikuwa wanampa gongo kwa zamu. Sasa Shija akamtambua. Akasimama kwa adabu kabisa, akamwamkia, shikamoo mjomba, akachukua kopo la gongo akaanza kumnawisha mikono. Kama siku ile kwenu. Akimmiminia polepole, asimwage nje. Mjomba anasema aliuliza mbele ya chakula, akajibiwa, naye akacheka. Sasa hicho ndicho kinachomuudhi zaidi. Kwamba alicheka."

"Ni mgonjwa, Deusi. Akipata matibabu, akikaa mbali na kule. Katika ng'ombe wenu, wanne ni wa kumpeleka Dodoma. Mimi ningekueleza tu."

"Wazee wanasema ni damu. Wanasema watoto."

"Na wewe unasemaje?"

Nje, Baba alikuwa amemaliza kamba ya tatu. Aliivuta kwa mikono miwili kuijaribu nguvu, akaridhika, akaiweka juu ya mwenzake, akainua uso kunitazama kupitia mlangoni na kunyoosha kidole kimoja hewani, ishara ya kuuliza: siku gani?

"Minza, mimi," alisema Deusi, na hapo opereta wa posta akaingia kati kwenye waya, sauti ya dada aliyechoka, akisema maneno aliyoyasema siku nzima kwa watu wote:

"Dakika zenu zimekwisha. Mnaongeza?"

Nilisubiri. Mama Zarina alisubiri. Redio ilikuwa kati ya wimbo na wimbo, na nyuma ya ukuta mtu alikuwa akihesabu.

"Hapana, dada," Deusi alimwambia opereta. "Inatosha."